Saa ya Baba Yafika Uswisi

Nauli ya treni kutoka Geneva hadi La Chaux-de-Fonds, mji wa mafundi saa, siitaji hapa, maana mke wangu husoma ninayoandika. Mkutano ulionipeleka Uswisi ulichukua siku nne na sina la kusema juu yake. Jumamosi nilikuwa huru, na mkononi nilivaa saa ya marehemu Baba, mkanda wake umeanza kukatika.

Jioni kabla ya hapo nilizurura Rue du Rhône, mtaa wa maduka ya saa Geneva, nikichungulia madirisha. Royal Oak ilikuwepo, saa ya kampuni ya Audemars Piguet, ile ya chuma yenye pembe nane na skrubu nane zilizoachwa wazi kama nati za gurudumu. Ilitoka 1972, mchoro wa Gérald Genta, ikauzwa faranga 3,300, ghali kuliko saa nyingi za dhahabu za siku zile. Upana wake, milimita 39, uliwashtua watu. Kwa macho yangu bado inafanana na kitu cha melini. Lakini leo saa za chuma zenye skrubu na kona zimejaa kila dirisha, na mtindo wa Calatrava, saa ya Patek Philippe ya 1932, duara tupu lenye akrabu na alama za masaa, ndio unaotafutwa kwa tochi. Bei hazikuandikwa. Kwetu maana yake ni moja: usiulize.

La Chaux-de-Fonds iliungua 1794, ikajengwa upya kwa mitaa iliyonyooka kama rula, na madirisha yakapangwa mengi ili fundi apate mwanga mezani. Le Corbusier, yule msanifu majengo, alizaliwa hapo 1887, akajifunza kutia nakshi vifuniko vya saa kabla ya kugeukia nyumba. Labda ndiyo maana nyumba zake hazina nakshi, alichoka mapema. Makumbusho ya saa yamechimbiwa ardhini. Nilikaa humo saa mbili, nikatoka nikala sahani ya viazi vya kukwaruza na jibini kwa pesa ambazo Mombasa zingelisha harusi ndogo.

Karibu na stesheni niliona kibanda cha fundi. Mzee mwenye lenzi jichoni, Kiingereza chake cha kuokoteza kama Kifaransa changu. Nikamwonyesha mkanda. Akaigeuza saa, akaisikiliza, akatabasamu. Aliifungua bila kuniuliza, akapuliza, akaufuta ufunguo wake uliokuwa mgumu, akaniita nitazame ndani. Vigurudumu vile Baba hakuwahi kuniruhusu kuviona. Alisema neno moja nililolielewa: nzuri. Mkanda mpya ukawa faranga 60, nikameza mate nikalipa.

Nilipofika benchi la stesheni ndipo nikaona. Amenirekebishia majira!

Sasa jamani, yule mzee ana kosa gani? Ukutani kwake akrabu ilielekea 2, saa yangu ikielekea 9. Angejuaje kwamba Baba hakuwahi hata siku moja kuweka saa yake kwa hesabu ya wazungu? Jua likichomoza ni kumi na mbili, baada yake ni moja, basi akrabu nayo isome moja. Sisi watoto tulitoka shule na saa zetu za plastiki zenye tarakimu, tukamwambia saa yake inasema uongo. Akatujibu kwamba uso ule ni wake, ataupa siku anayoitaka yeye. Tangu afariki haijawahi kuondoshwa majira ya Mombasa. Mimi mwenyewe safarini husoma saa ya simu.

Nikavuta ufunguo nikaanza kuzungusha. Baba alikataza kurudisha akrabu nyuma. Saa hupelekwa mbele tu. Basi kutoka saa ya pale hadi ya nyumbani ni kupita masaa saba, polepole, kidole gumba kikiteleza kwa baridi. Nilikuwa ndiyo kwanza napita saba treni ilipofunga milango mbele yangu, kwa dakika yake ileile iliyoandikwa.

Kondakta alinitazama kupitia kioo. Nikamwonyesha saa.

Nikamaliza bila haraka. Saa kumi na nusu. Mombasa Alasiri imeshasaliwa, muuza kahawa anagonga vikombe mtaani, na barazani kwetu pale pembeni alipozoea kukaa Baba hakai mtu.