Ijumaa ya Mechi: Siku Moja ya Mratibu wa Mashambulizi Mwenye Kikosi Kipana

Saa 11:00 alfajiri

Naamka kabla simu haijalia, kama inavyonitokea kila Ijumaa ya msimu, na kabla sijanawa uso tayari ninamfikiria namba 22, mchezaji wetu anayebeba mpira kwa mbio. Jana mazoezini alishika paja lake la kushoto kwa nyuma, akatembea polepole hadi pembeni mwa uwanja, kisha akaniambia kwamba hana tatizo. Kijana wa miaka 17 huwa hana tatizo siku zote. Hapa Grand Rapids, katika jimbo la Michigan, giza la Oktoba haliondoki mpaka karibu saa 2 asubuhi, hivyo nakaa jikoni na chai ya tangawizi na kompyuta, nikitazama kwa mara ya mwisho video za wapinzani wetu wa leo.

Mimi ni mwalimu wa hisabati katika shule ya sekondari. Nililelewa Tanga hadi nilipofikisha miaka 12, na huu ni mwaka wangu wa sita nikiwa mratibu wa mashambulizi wa timu yetu ya futiboli ya Kimarekani. Kazi yangu ni kuandaa mbinu zote tunazotumia tunapokuwa na mpira, kisha usiku wa mechi kuzichagua moja baada ya nyingine, mara 50 au 60, nikijua kwamba kwa kawaida mchezo mmoja, yaani mpira kuanzishwa hadi kusimama, ukiisha tuna sekunde 40 tu za kuanza unaofuata. Msomaji aliyezoea soka aelewe jambo moja kwanza: hapa kubadilisha wachezaji hakuna kikomo. Kocha wa soka ana nafasi tano, na anayetoka harudi tena. Mimi naweza kumtoa mtu na kumrudisha baada ya kila mchezo. Ndiyo maana upana wa kikosi huku unaonekana tangu dakika ya kwanza, hata kabla hajaumia mtu yeyote.

Ninachokitafuta kwenye video ni namna wapinzani wanavyoitikia makundi yetu. Makocha wa mchezo huu huyaita makundi kwa tarakimu mbili, ya kwanza ikiwa idadi ya wakimbiaji, yaani wabeba mpira, na ya pili idadi ya taitiendi, yaani wale wanaosimama mwishoni mwa safu ya mbele na ambao kazi yao ni kuzuia na vilevile kudaka. Kundi la 11 lina mkimbiaji mmoja na taitiendi mmoja, na nafasi tatu zilizobaki kati ya tano tunazobadilisha ni za wapokeaji wa pembeni, wanaodaka mpira uliorushwa. Kundi la 12 lina taitiendi wawili, hivyo wapokeaji ni wawili. Timu tunayokutana nayo leo, ikiona 12, humtoa beki mwepesi na kumwingiza mtu mzito. Ikiona 11 hufanya kinyume chake. Mwenye taitiendi mmoja tu anayeaminika hana cha kuwauliza wapinzani hao. Mwenye wawili, ambao mmoja wao anadaka kama mpokeaji, anaweza kumvuta yule mtu mzito aingie uwanjani, kisha akarusha mpira mahali ambapo mzito huyo hawezi kufika kwa wakati.

Saa 1:10 asubuhi

Barabarani kuelekea shuleni, redio inazungumzia Detroit Lions, timu yetu ya ligi ya kulipwa ya NFL, kama inavyofanya kila asubuhi katika jimbo hili. Msimu wa 2024 ungali mdomoni mwa watu: pointi 564, nyingi kuliko timu nyingine yoyote ya ligi mwaka huo, na mratibu wake, Ben Johnson, akachukuliwa na Chicago Bears kuwa kocha mkuu Januari 2025. Watu husifu werevu wake, nami nausifu pia. Lakini alikuwa na wakimbiaji wawili, Jahmyr Gibbs na David Montgomery, ambao kila mmoja angekuwa chaguo la kwanza katika timu nyingi. Montgomery alipoumia goti Desemba, Gibbs aliubeba mzigo, na katika mechi ya mwisho ya msimu wa kawaida dhidi ya Minnesota akafunga tachidauni nne, yaani mara nne aliufikisha mpira katika eneo la mwisho la wapinzani. Alikuwapo pia Dan Skipper, mtu wa akiba katika safu ya mbele, aliyekuwa akiingizwa kama mzuiaji wa sita mahali ambapo timu nyingine ingeweka taitiendi. Jina lake halimo midomoni mwa wengi, nami naliona hilo kuwa dhuluma ndogo.

Saa 2:00 hadi saa 4:30 asubuhi

Vipindi vitatu vya aljebra. Wanafunzi wanajua kwamba Ijumaa ninatoa zoezi refu na maneno machache.

Saa 4:35 asubuhi

Kipindi changu cha mapumziko nakitumia kukata kadi za mkononi. Kila mchezaji wa mashambulizi huvaa bangili ya kitambaa yenye kidirisha cha plastiki, na ndani yake kuna kadi yenye mistari 40 ya maandishi madogo sana. Kutoka pembeni tunaonyesha namba kwa vidole, naye anasoma mbinu yenye namba hiyo. Nakata kwa mkasi, sentimita 12 kwa 6, nazungusha pembe ili zisikwame, kisha naisukuma kila kadi kwa ncha ya rula. Leo nakata 27. Miaka miwili iliyopita nilikata 14.

Wakati ule tulianza msimu na wavulana 31 kwa timu nzima, na wengi wao walicheza pande zote mbili: wakimaliza kushambulia wanabaki palepale kukaba. Kufikia robo ya nne safu yetu ya mbele ilikuwa imesimama mikono ikiwa magotini, midomo wazi. Mbinu ya kurusha mbali inahitaji safu hiyo izuie kwa takriban sekunde tatu, nami nilikuwa nikiona kwa macho kwamba sekunde tatu hizo hazipo. Basi nilichukua kalamu nyekundu wakati wa mapumziko na kufuta nusu ya karatasi yangu. Baadhi ya wazazi walisema kwamba mratibu ni mwoga na kwamba timu yake inatabirika. Mwaka huu tuna wavulana 57, na wazazi walewale wananisifu kwa ubunifu. Kitabu cha mbinu ni kilekile, hata kurasa hazijabadilika. Kilichobadilika ni kwamba nina watu wa kuzitekeleza nikiwa nimebakiwa na robo moja, na kwamba katika safu ya mbele ni mmoja tu anayelazimika kucheza pande mbili. Nilieleze hili waziwazi kwa sababu linaniuma: sifa ninazopewa zinapita juu ya vichwa vya vijana waliozitafuta.

Saa 5:40 asubuhi

Chakula cha mchana. Namba 7, kwotabeki wetu wa akiba, yaani mrushaji mpira anayeongoza mashambulizi, anakuja na trei yake kwenye chumba changu, kama kila Ijumaa, ili nimpe maswali 15. Nataja kundi, jaribio (timu ina manne ya kusogeza mpira yadi 10) na yadi zilizobaki. Yeye anataja mbinu tatu ambazo angetegemea niziite na mahali ambapo macho yake yangeanzia. Leo anapata 14. Kisha ananiuliza, bila kunitazama, kama kuna maana ya kujifunza yote haya ilhali tangu Agosti, katika mechi zote, ameingia kwa michezo 9 tu.

Namsimulia juu ya Philadelphia Eagles, timu nyingine ya NFL. Tarehe 10 Desemba 2017 kwotabeki wao, Carson Wentz, aliumia goti mjini Los Angeles, na akaingia Nick Foles, mtu ambaye mwaka uliotangulia alikuwa amefikiria kuacha mchezo kabisa. Februari 2018 Foles aliishinda New England 41 kwa 33 katika Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, akarusha tachidauni tatu, akadaka moja yeye mwenyewe, na akatajwa kuwa mchezaji bora wa fainali. Siku chache baadaye mratibu wa mashambulizi wa timu hiyo, Frank Reich, akateuliwa kuwa kocha mkuu wa Indianapolis Colts. Aliyekuwa akiita mbinu siku ya fainali ni kocha mkuu Doug Pederson, lakini Reich ndiye aliyeandaa naye mpango, na mwenyewe alilijua benchi vizuri: Januari 1993, akichezea Buffalo Bills badala ya kwotabeki Jim Kelly aliyekuwa majeruhi, aliirudisha timu yake kutoka nyuma kwa pointi 32 na kushinda 41 kwa 38.

Kijana ananyamaza, anamalizia mkate wake, kisha anaomba lile swali alilolikosa nilirudie.

Saa 9:15 alasiri

Katika chumba cha kubadilishia nguo kuna ubao mweupe wa chuma wenye safu moja kwa kila nafasi na mistari mitatu kwenda chini: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kila mchezaji ana sumaku yenye namba yake. Mtaalamu wa tiba ananiambia kwamba namba 22 anaweza kucheza, ila asibebeshwe mpira zaidi ya mara 10. Zamani habari kama hii ingenifanya niandike mpango mpya nikiwa nimesimama. Leo nahamisha mibebo tu: 10 kwa namba 22, karibu 12 kwa namba 5, na iliyobaki kwa namba 34, ambaye sumaku yake imekaa mstari wa tatu tangu Agosti.

Namba 34 alizaliwa Uvira, akaja hapa na familia yake akiwa mdogo. Jiji hili lina familia nyingi za Kikongo. Wawili sisi huongea Kiswahili, changu cha Tanga na chake cha Kivu, na huelewana vizuri.

"Leo utaingia mapema, zamu yetu ya tatu," namwambia. "Usikimbie kwa papara. Msubiri mzuiaji wako akufungulie."

"Ndiyo, mwalimu. Niko tayari sana. Mama naye atakuwa pale."

Saa 1:00 usiku

Mechi inaanza, nami niko juu, katika chumba cha vioo, nikiwa na vipokea sauti masikioni. Robo ya kwanza tunawachanganya kwa 11 na 12, na wanaingia na kutoka kama nilivyotarajia. Robo ya pili taitiendi wetu wa kwanza anaanguka vibaya, kifundo cha mguu, na anasaidiwa kutoka. Hapa ndipo mwaka ule karatasi ingefutwa nusu. Naagiza aingie namba 85, mvulana mnene wa safu ya mbele tuliyemvisha namba ya taitiendi kwa ajili ya siku kama hii, asimame mwishoni azuie tu, na yule taitiendi wa pili achukue kazi zote za kudaka. Kundi bado linahesabika kuwa 12. Wapinzani hawagundui tofauti kwa zamu mbili nzima.

Kufikia robo ya nne ni 20 kwa 20, na safu yao ndiyo inayoshika magoti. Tuko kwenye yadi yao ya 38, jaribio la nne, yadi 2 zinahitajika. Kocha mkuu ananiuliza kama tupige mpira mbali kwa mguu na kuwaachia wapinzani. Nauliza nani amepumzika zaidi, kocha wa wakimbiaji anajibu bila kusita: namba 34, miguu mipya kabisa. Naita mbio nyuma ya namba 85. Anamsubiri mzuiaji, nusu sekunde ambayo inanikata pumzi, kisha anapita na kupata yadi 4. Michezo mitatu baadaye, wakiwa wamejazana katikati kuikaba mbio ileile, taitiendi wa pili anabaki peke yake na kudaka tachidauni. Inaisha 27 kwa 20.

Saa 4:20 usiku

Uwanjani watu wengi wamenipa mkono na kusema niliita vizuri. Nimemtafuta mama wa namba 34, nikamwamkia, nikamwambia mtoto wake ameshika mchezo wetu mikononi. Sasa chumba ni kitupu na kinanuka jasho na dawa ya misuli. Naishusha sumaku ya namba 22 kwa wiki moja, namba 5 anapanda kuwa wa kwanza, na namba 34 namhamishia mstari wa pili. Namba 85 ananisumbua, kwa maana mzuiaji wa sita hana safu kwenye ubao huu. Nachukua kalamu ya wino mweusi, nachora mstari wima mwishoni kabisa, juu yake naandika "Wa sita", na kuibandika sumaku yake pale.