Kwa nini dau lako limebanwa na la jirani yako halijaguswa

Kwenye vijiwe vya Ngarenaro hapa Arusha, na hata kule Majengo ya Moshi, kuna malalamiko mawili kuhusu kubeti mtandaoni, na yanapingana. Mmoja anasema kampuni haitaki mtu anayeshinda: inambana, yaani inampunguzia dau analoruhusiwa kuweka. Mwenzake anamwonyesha tangazo la kijana aliyevuta mamilioni kwa mkeka wa mechi kumi na tano (tiketi moja ambayo mechi zote lazima zikubali), kashika hundi kubwa kama mlango: mbona huyu wamemlipa na kumtangaza? Wote wawili wana haki. Kampuni haina ugomvi na ushindi. Ugomvi wake ni na mtu anayejua kuchagua odi iliyokosewa; odi ni ile namba inayozidishwa na dau lako ukishinda.

Tuanze na bei, yaani hizo odi. Mechi ina odi 1.80 nyumbani, 3.40 sare, 4.20 ugenini. Gawanya 1 kwa kila odi, kisha jumlisha: 0.556 + 0.294 + 0.238 = 1.088. Bei ya haki ingetoa 1 kamili. Kwa odi hizo kampuni inajibakizia kama shilingi 8 katika kila 100 zinazowekwa; hayo ndiyo makato yake. Mechi kubwa za Ulaya huwa na makato madogo kuliko hayo. Kona, kadi na ligi ndogo huwa na makubwa zaidi.

Kwenye mkeka makato hayo yanazidishana. Tuseme kila mechi inakatwa 6 kwa 100. Mechi moja inakurudishia kwa wastani 940 katika kila 1,000. Mkeka wa mechi nne unarudisha 781, wa mechi kumi 539. Kampuni ikikuongezea bonasi ya asilimia 30 kwa mkeka wa kumi, unafika kama 700. Bado umeachia 300 mezani, na umeshukuru. Ndiyo maana yule wa hundi kubwa anapendwa: alipata kwa bahati, kwa bei inayoifaidi kampuni, na ushindi wake utawaleta wengine mia wapige mkeka kama wake.

Sasa mtazame mwingine. Anapiga mechi moja moja, anaingia asubuhi odi ikiwa 2.10, mechi inaanza ikiwa imeshuka hadi 1.90. Leo kashinda, kesho kaliwa, salio lake halitishi mtu. Lakini anayesimamia hatari anaona jambo moja: huyu mara nyingi ananunua bei kabla haijashuka, yaani kabla kosa halijarekebishwa. Kwa kipimo hicho mteja anaweza kubanwa hata akiwa kwenye hasara, na kubanwa huko hakungoji miaka. Tiketi chache zenye mwelekeo mmoja zinaweza kutosha.

Kubana kwenyewe hakuna makelele. Kampuni nyingi hununua odi na huduma ya kupima hatari kutoka kwa wasambazaji wakubwa kama Sportradar, na mifumo ya aina hiyo humpa kila mteja kizidisho chake, namba inayozidishwa na ukomo wa dau. Mgeni anaanza na 1. Kama mechi inapokea dau la 1,000,000, mwenye kizidisho cha 0.01 ataruhusiwa 10,000 tu, wakati jirani yake aliyekaa kiti cha pili anaweza kuweka milioni nzima. Dalili nyingine: beti za mechi inayoendelea zinachelewa kukubaliwa kisha zinarudi na odi mpya, bonasi zinakoma, na unapoomba kutoa hela unaulizwa vitambulisho ambavyo wakati wa kuweka hakuna aliyevitaka. Masharti uliyoyakubali bila kusoma kwa kawaida yanairuhusu kampuni kukataa beti yoyote, yote au sehemu.

Kwa watu wa huku, mtego uko kwenye ligi ndogo. Anayefuatilia timu ya nyumbani ya Championship, ligi iliyo chini ya Ligi Kuu, mazoezini anaweza kujua kipa ameumia kabla ya mpanga odi. Kampuni inalijua hilo pia, ndiyo maana ukomo wa dau kwenye Championship ni mdogo tangu mwanzo. Habari ikirushwa kwenye grupu la Telegram na watu arobaini wakapiga timu ileile ndani ya dakika kumi, odi inashuka na akaunti zote zinawekwa alama kwa pamoja, hata ya yule asiyejua kipa ni nani.

Kuna wanaoona dawa ni kutumia laini ya shemeji. Usalama wake mdogo. Laini imesajiliwa kwa alama za vidole na NIDA ya mwenye nayo, hela inarudi kwenye namba ileile iliyoweka, na programu inaitambua simu yako hata ukibadilisha akaunti. Hela ikikwama, anayetakiwa kujieleza ni shemeji.

Upande wa anayeliwa mambo ni matamu. Akinyamaza wiki mbili anapata ujumbe: beti ya bure, asilimia 100 ya hela utakayoweka. Soma sharti la kuzungusha, yaani dau la jumla unalotakiwa kupiga kabla hujaruhusiwa kutoa hela ya bonasi. Bonasi ya 10,000 inayotakiwa kuzungushwa mara tano ni dau la jumla la 50,000. Ukizungusha kwa mechi moja moja zenye makato ya 6, utapoteza wastani wa 3,000. Bonasi bado ina faida. Sharti likilazimisha mkeka wa mechi nne, makato yanafika karibu 22 kwa 100, yaani 11,000. Bonasi imejila yenyewe na ikabaki na deni.

Hata yule wa kwenye Telegram anayegawa “mikeka ya uhakika” bure na linki ya kujisajili, mara nyingi analipwa fungu la unachopoteza. Ukishinda mfululizo, fungu lake linapungua. Mimi mtu wa namna hiyo simwamini hata akinitajia siku ya leo.

Kujua uko upande gani hakuhitaji programu. Andika odi uliyochukua na odi ya mwisho kabla ya filimbi, tiketi 100 au zaidi. Kwa soko la machaguo mawili, gawanya 1 kwa kila odi ya mwisho na ujumlishe kama tulivyofanya mwanzo, tuseme inatoka 1.064, kisha zidisha odi yako ya mwisho kwa jumla hiyo upate bei ya haki: 1.90 × 1.064 = 2.02. Ulichukua 2.10, umepita kwa karibu 4 kwa 100. Ukiwa chini ya bei hiyo mara nyingi, faida uliyonayo ni upepo.

Na kwetu kuna kodi ya ushindi, inayokatwa na kampuni kwa ajili ya TRA kabla hela haijakufikia. Kiwango kimebadilishwa na bajeti zaidi ya mara moja, weka cha mwaka husika; hapa nachukua 10 kwa 100 kama mfano. Bei ya haki ikiwa 2.02, katika tiketi 100 zinashinda wastani wa 49.5, kwa hiyo tiketi 100 za 10,000 kwa odi ile ya 2.10 zinaleta faida ya wastani kama 39,500. Kila iliyoshinda ina faida ya 11,000, na kodi ya zote zilizoshinda ni kama 54,450. Mtu mwenye jicho zuri kuliko wapanga odi anamaliza na hasara ya karibu 15,000! Anayeshinda kweli hapa lazima awe mzuri zaidi ya hapo, na akiwa hivyo anaonekana mapema zaidi.

Ukishabanwa, kwanza toa salio lote. Piga picha za skrini zenye namba ya tiketi, saa, odi na dau lililokataliwa. Kubanwa dau peke yake hakukupi kesi. Kunyimwa hela ya tiketi iliyokwisha kukubaliwa na kushinda ni jambo jingine: iandikie kampuni kwanza, omba sababu kwa maandishi na kifungu walichotumia, kisha peleka yote Bodi ya Michezo ya Kubahatisha. Simu tupu bila namba ya tiketi haifiki mbali.