Daftari la Homa ya Mama

Daftari lenyewe ni la kawaida, na kwa wiki saba niliandika humo jambo moja tu: joto la mwili wa mama yangu. Asubuhi 36.9. Adhuhuri 37.2. Saa kumi na mbili jioni 38.4. Saa mbili usiku 39.6. Kesho yake hivyohivyo, na keshokutwa hivyohivyo, kana kwamba kuna saa iliyotegwa ndani ya mwili wake. Ilipofika alfajiri jasho lilikuwa limekwisha kulowesha shuka na joto limeshuka, naye ameketi kitandani akiomba maji ya kunywa. Aliyemwona saa hiyo asingeamini kwamba usiku alikuwa akitetemeka chini ya mablanketi matatu.

Katika wiki nne za kwanza alitibiwa maambukizi ya koo, kwa kuwa koo lilikuwa likimuuma kweli, kisha maambukizi ya njia ya mkojo, kisha ya kifua, na kila mara alipewa antibiotiki nyingine kabla majibu ya vipimo hayajarudi. Wakati ule niliona ni bidii. Baadaye nilielewa kwamba antibiotiki ya kubahatisha inaweza kuwazuia bakteria wasiote katika sampuli ya damu bila kumponya mgonjwa, hivyo ugonjwa kama maambukizi ya vali za moyo, ambao ni miongoni mwa vyanzo vinavyojulikana vya homa ya muda mrefu, ukazidi kujificha. Kwa mama yangu haukuwa huo, lakini ungeweza kuwa, na bado nasikitika ninapokumbuka siku tulizopoteza.

Madaktari wana jina la hali hii: homa isiyojulikana chanzo. Maana yake iliwekwa mwaka 1961 na Robert Petersdorf na Paul Beeson wa Marekani, waliowafuatilia wagonjwa 100 waliokuwa na joto linalozidi nyuzi 38.3 mara kadhaa, kwa zaidi ya wiki tatu, na ambao uchunguzi wa wiki nzima hospitalini haukuwapatia jibu. Kati yao 36 walikuja kugundulika kuwa na maambukizi yaliyojificha, 19 walikuwa na saratani, na kundi jingine lilikuwa na magonjwa ambayo kinga ya mwili yenyewe ndiyo iliyoyawasha. Mtu angetarajia kwamba kwa mashine za sasa waliobaki bila jibu wangekuwa wachache zaidi, lakini katika utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2007, nusu ya wagonjwa 73 walimaliza uchunguzi wote bila ugonjwa wao kupata jina. Sababu mojawapo ni kwamba mashine hizo hizo huyanasa mapema yale majipu na saratani yaliyowasumbua madaktari wa mwaka 1961, na yanayobaki ni yale magumu kabisa. Niliposoma kwamba wengi wa waliokosa jibu hupona wenyewe nilipata faraja kidogo, ingawa ni faraja isiyomsaidia mtu saa mbili usiku akiwa na kipimajoto mkononi.

Daktari aliyekuja kutusaidia hakuanza na mashine. Aliketi karibu saa nzima akimuuliza mama maswali: amekaa karibu na wanyama gani, amesafiri wapi, anatumia dawa gani hata zile asizoziita dawa, meno yake yana hali gani, katika ukoo wao yupo mtu aliyewahi kuwa na homa za kurudiarudia. Mwishoni akauliza kama kuna upele. Mama akasema upo, mwepesi, hauwashi, kifuani na mapajani. Daktari akatazama, asione kitu, kwa kuwa ilikuwa asubuhi. Jioni ile nilikaa nikisubiri homa ipande, na ilipofika 39.4 upele ukajitokeza, nikaupiga picha kwa simu. Alfajiri haukuwapo. Nilipoonyesha picha ile pamoja na daftari, daktari alinyamaza kidogo, akafungua kurasa moja baada ya nyingine kwa kidole, kisha akaagiza kipimo cha feritini, ile protini inayohifadhi madini ya chuma mwilini. Kikarudi kimepita kiwango cha kawaida zaidi ya mara ishirini.

Hata hapo hakukimbilia jina. Damu ilioteshwa maabara mara tatu, picha za kifua na tumbo zikapigwa, uboho wa mfupa ukachukuliwa, ili maambukizi na saratani viondolewe kwanza, kwa maana hakuna kipimo kimoja kinachouthibitisha ugonjwa aliokuwa akiushuku. Ni ugonjwa wa Still, ambao George Still aliueleza kwa watoto mwaka 1897, na Eric Bywaters akauonyesha kwa watu wazima 14 mwaka 1971. Huwapata zaidi vijana, ndiyo maana haukufikiriwa mapema kwa mwanamke wa miaka 57.

Nilitaka kujua ni nini hasa kilichokuwa kikiwaka. Kinga ya mwili ina sehemu mbili. Moja hujifunza: huitambua sura ya adui, hutengeneza kingamwili zinazomlenga yeye tu, na huikumbuka sura hiyo kwa miaka, na chanjo hutegemea kumbukumbu hiyo. Nyingine ni ya kuzaliwa nayo, ya kale zaidi, haijifunzi sana bali hupiga kelele mara tu inapoona dalili ya hatari. Kelele zake ni molekuli, na kubwa mojawapo ni interleukini-1. Kabla haijapewa jina hilo watafiti waliijua kwa kazi yake tu, yaani dutu inayotoka katika seli nyeupe za damu na kuleta homa. Charles Dinarello alipata umaarufu kwa kuisafisha mwaka 1977, na vinasaba vyake vikapatikana miaka ya 1980. Molekuli hiyo huufikia ubongo, kemikali za mwili ziitwazo prostaglandini zikatengenezwa, na sehemu iitwayo haipothalamasi ikapandisha kiwango cha joto inachokilinda. Mwili ukitazama kiwango kipya hujiona una baridi, ndipo mtu hutetemeka akiwa na nyuzi 39. Nilikuwa nimemtazama mama akitetemeka hivyo usiku baada ya usiku bila kujua kwamba ni mwili unaotii amri.

Katika ugonjwa wa Still amri hiyo hutolewa bila adui. Dawa za steroidi, ambazo hutuliza kinga ya mwili, zilizima homa ya mama ndani ya siku tatu, lakini kila dozi ilipopunguzwa ilirudi, hivyo daktari akataja dawa zinazoizuia interleukini-1 moja kwa moja. Alianza na anakinra, sindano ya kila siku. Ya pili aliyoitaja, kanakinumabi, niliiandika pembeni mwa daftari ili nikaisome nyumbani, na kuisoma huko ndiko kulikonipeleka katika tafiti za moyo, mahali ambapo sikutarajia kabisa kufika kwa njia ya homa.

Tulizoea kuambiwa kwamba mshipa wa moyo huziba kama bomba linavyoziba kwa mafuta. Picha hiyo ina ukweli, kwani bila lehemu, yaani kolesteroli, kupenya katika ukuta wa ateri ugonjwa hauanzi, lakini inaacha nje nusu ya habari. Lehemu ikiisha kupenya, seli za kinga ziitwazo makrofaji huja kuila, hushiba kupita kiasi, hufa pale pale, na kuziita nyingine. Mwaka 2010 ilionyeshwa kwamba fuwele za lehemu ndani ya ukuta huo huiwasha mitambo ile ile ya seli inayotengeneza interleukini-1. Utando unaoufunika uchafu huo hudhoofika, siku moja hupasuka, damu huganda juu ya mpasuko, na hapo ndipo shambulio la moyo hutokea, mara nyingi katika sehemu ambayo haikuwa imeziba sana. Ya mama ilikuwa homa ya mwali mkubwa, na protini ya CRP, ambayo ini huitoa mwili unapowaka, ilizidi kwake miligramu 150 kwa lita. Katika mishipa ya moyo CRP ya miligramu 2 tu huhesabiwa kuwa dalili mbaya. Ni moto wa makumbi, unaoungua chini kwa chini miaka na miaka, na kipimajoto hakiwezi kuuona.

Kwa muda mrefu swali lilikuwa kama moto huo ni chanzo au ni moshi tu wa kitu kingine. Jaribio la CANTOS, lililoongozwa na Paul Ridker na kuchapishwa mwaka 2017, lilijenga jibu kwa uangalifu ninaoustahi sana. Watu 10,061 katika nchi 39, wote wakiwa wamewahi kupata shambulio la moyo na CRP yao ikiwa miligramu 2 au zaidi, walipewa kanakinumabi au sindano isiyo na dawa, kila baada ya miezi mitatu. Dawa haikuigusa lehemu mbaya hata kidogo, na bado katika dozi ya miligramu 150 mashambulio ya moyo, viharusi na vifo vya moyo kwa pamoja vilipungua kwa asilimia 15. Kitu pekee kilichokuwa kimezimwa ni ule moto.

Lakini hapa ndipo ninapowaomba wanaosambaza habari za afya wasiishie nusu. Katika jaribio hilo hilo maambukizi yaliyoua yaliongezeka miongoni mwa waliopewa dawa, na hesabu ya vifo vyote ilipojumlishwa haikutofautiana na ile ya wasiopewa. Mlinzi aliyenyamazishwa asiuchome mshipa hunyamaza pia bakteria anapoingia. Mwaka 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani haikuiidhinisha kwa ajili ya moyo. Kwa mama yangu mizani ni nyingine, kwa kuwa bila dawa ya aina hiyo ugonjwa wake ungeweza kuharibu viungo, ini na hata moyo wenyewe, na bado tunaambiwa kila mara kwamba akipata kikohozi chenye homa tusisubiri.

Watafiti walirudi kwenye dawa ya kale na ya bei nafuu, kolchisini, inayotokana na mmea na iliyotumika tangu zamani kwa jongo, ule ugonjwa wa maumivu makali ya viungo. Mwaka 1972 iligunduliwa kwamba huzuia mashambulizi ya homa ya kurithi ya Mediterania, ugonjwa mwingine ambao interleukini-1 ina mkono mkubwa, na ulinikumbusha lile swali la daktari kuhusu homa za ukoo. Mwaka 2020 jaribio la LoDoCo2 kwa watu 5,522 wenye ugonjwa sugu wa mishipa ya moyo lilionyesha kwamba miligramu 0.5 kwa siku hupunguza matukio makubwa ya moyo kwa asilimia 31, na mwaka 2023 ikaidhinishwa Marekani kwa kazi hiyo. Mwaka uliofuata jaribio kubwa zaidi, la watu 7,062 waliotoka kupata shambulio la moyo, halikuona faida. Naamini wazo lenyewe ni sahihi, ila bado hatujajua ni nani hasa wa kupewa, na lini.

Wakati hayo yakisubiriwa, kuna jambo lililo karibu zaidi na mkono wa kila mtu. Mwaka 2018 watafiti wa Kanada waliwachunguza wagonjwa waliothibitishwa maabara kuwa na virusi vya mafua, wakaona kwamba katika siku saba za kwanza hatari ya shambulio la moyo ilikuwa mara sita ya ile ya nyakati nyingine. Kelele ya kinga dhidi ya virusi huuchochea moto uliokuwa umelala kwenye ateri, damu huganda kwa urahisi, moyo hupiga haraka. Mwaka 2021 ukaja upande wa pili wa habari hiyo: wagonjwa wa moyo 2,571, wengi wao wakiwa wametoka kupata shambulio, walipewa hospitalini chanjo ya mafua au sindano bandia, na katika mwaka mmoja waliokufa walikuwa asilimia 2.9 kwa waliochanjwa na 4.9 kwa wengine. Sindano inayoifundisha kinga kumaliza vita haraka, bila kuinyamazisha, iliukinga moyo. Tangu niusome utafiti huo sijaacha kuusimulia.

Na upo ugonjwa mmoja ambao homa, kinga na moyo hukutana ndani yake waziwazi, nao ni homa ya baridi yabisi kwa watoto, ambapo kingamwili zilizotengenezwa dhidi ya bakteria wa koo hugeukia vali za moyo kwa kufanana kwa sura. Utafiti uliofanywa Uganda kwa watoto 818 waliokuwa na madhara ya awali yasiyo na dalili, na matokeo yake kutolewa mwaka 2021, ulionyesha kwamba sindano ya penisilini kila wiki nne kwa miaka miwili ilizuia ugonjwa kusonga mbele: uliendelea kwa watoto 3 waliochomwa, na kwa 33 kati ya wasiochomwa.

Mama sasa hana homa. Lakini daktari ametueleza kwamba mwili uliokaa na moto mrefu, na kupewa steroidi ambazo hupandisha shinikizo la damu na sukari, unahitaji moyo wake utazamwe kwa karibu kuliko wa jirani zake wa rika lake. Amepata chanjo ya mafua, lehemu yake imepimwa, na anatembea kila jioni, saa zile zile ambazo zamani alikuwa akitetemeka. Daftari bado liko mezani. Nimepiga mstari chini ya joto la mwisho nililoandika, 36.8, na kuchora safu mbili mpya za shinikizo la damu. Jana asubuhi: 128 kwa 79.