Fizi za mama

Mama ana sukari, na fizi zake zimetoa damu kwa muda mrefu. Kila zikivimba ni vidonge vya flajili kutoka duka la dawa. Uvimbe unanywea, kisha mambo yanarudi pale pale. Nashukuru safari hii tumefika kwa daktari wa meno.

Alianza kwa kupima. Kijiti chembamba cha chuma chenye alama kinaingia kwenye mfuko ulio kati ya jino na fizi, msaidizi anaandika kina chake kwa milimita. Fizi yenye afya husoma 1 hadi 3. Kwenye magego ya chini mama alisomewa 6, na sehemu moja 7. Nilishtuka. Milimita 7 za maambukizi, na mwenyewe akidhani ni uzee!

Mama akaomba dawa. “Tutakupa, mama, lakini tukwangue kwanza,” daktari akamjibu. Bakteria wa maambukizi hayo wamejijengea utando juu ya ugaga ulioshika mzizi, na dawa haiupenyi vizuri. Ni kama ukoko ulioungulia sufuriani, lazima chuma kipite.

Akapigwa ganzi, ukakwanguliwa upande mmoja hadi kwenye mizizi, wa pili siku nyingine. Ndipo mifuko mirefu ikajazwa jeli ya doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa bomba lenye ncha butu. Inaingia laini, ikikutana na majimaji inaganda, halafu inaachia dawa palepale kwa wiki nzima. Muda huo sehemu ile haiguswi kwa mswaki wala uzi wa kusafishia meno.

Wanaoitafuta jeli hii kama muujiza wajue hili: mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Meno cha Marekani wa 2015 unakadiria kuwa kukwangua peke yake kunarudisha mshiko wa fizi kwa wastani wa nusu milimita hivi. Dawa ya ndani ya mfuko huongeza sehemu ya milimita tu. Mimi ningelipia kukwangua hata jeli isipokuwepo. Jeli peke yake nisingeitolea hata shilingi.

Na kwa mwenye sukari hakuna kungoja. Sukari ikipanda fizi huharibika upesi, na fizi zikiwa na maambukizi sukari nayo hugoma kushuka.

Leo ile 7 imesoma 5, na 6 nyingi zimekuwa 4. Hiyo 5 haijamridhisha daktari. Baada ya miezi mitatu atapima tena, na ikibidi atakwangua upya.