Usiku wa Romeo, mchana wa wazee

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Neno la wiki hii ni Yohana 3:19, kwamba watu walipenda giza kuliko nuru kwa maana matendo yao yalikuwa maovu. Hapa Mbeya mstari huu wanapigiwa zaidi vijana: binti aliyeonekana Mwanjelwa na mtu saa mbili usiku, kijana anayeficha simu. Safari hii tuusome sambamba na Romeo na Juliet, tamthilia ya Shakespeare iliyochapwa mara ya kwanza mwaka 1597, juu ya vijana wawili wa Verona, mji wa Italia, wanaopendana ilhali koo zao ni maadui, na mwishowe wote wawili wanakufa.

Angalieni saa. Ugomvi wa kwanza unazuka asubuhi, barabarani. Tybalt, binamu wa Juliet, anamuua Mercutio, rafiki wa Romeo, na Romeo anamuua Tybalt, mchana wa jua kali. Benvolio, binamu wa Romeo, ameshaonya kwamba joto hili linachemsha damu. Wapendanao wao wanaonana usiku karamuni, wanaahidiana usiku bustanini, na usiku wao mmoja wa ndoa unakatizwa na ndege wa alfajiri. Kunapambazuka, na Romeo anasema kadiri kunavyokucha ndivyo msiba wao unavyozidi kuwa mweusi.

Tena London tamthilia hii ilichezwa mchana kweupe, kwenye kumbi zilizo wazi juu. Giza lote hilo lilijengwa kwa maneno na kwa mienge mikononi mwa waigizaji. Ndiyo maana Juliet anaitwa jua, na mienge inaambiwa ijifunze kwake kuwaka.

Si kwamba wapenzi hawana lawama. Juliet mwenyewe anaogopa: ahadi yao ni kama radi, inazimika kabla hujamaliza kusema imemulika. Padri Laurence, anayewafungisha ndoa kwa siri, anataja moto na baruti. Aliyewahi kuwasha chemli anaelewa: ukipandisha utambi kupita kiasi huongezi mwanga, unajaza kioo masizi.

Lakini usiku wenyewe hauna kosa. Zaburi 139:12 inasema kwa Mungu giza na mwanga ni sawasawa. Kinachoua ni siri. Padri na yaya wa Juliet wanajua kuna ndoa, wananyamaza. Capulet, baba yake Juliet, anapomtaka binti aolewe na bwana aitwaye Paris siku ya Alhamisi, hakuna mtu mzima anayethubutu kusema ana mume tayari. Badala yake inatafutwa dawa ya kumlaza saa 42 kama maiti, na barua ya kumweleza Romeo haifiki kwa sababu mjumbe amefungiwa kwenye nyumba inayodhaniwa kuwa na tauni. Makaburini alikolazwa Juliet, Paris anaamuru mwenge uzimwe asionekane, naye anauawa humo na Romeo. Padri anakuja na taa yake, akijikwaa makaburini, amechelewa.

Sasa matendo maovu ya Verona ni yapi? Ni uhasama wa koo mbili, ambao chanzo chake hakitajwi hata mara moja, nao ulitembea mchana bila kujificha. Wazee waliujaza mchana visasi, watoto wakabakiwa na usiku. Na huku kwetu, kuanzia Uyole hadi Tukuyu, zipo koo ambazo kwa kesi ya mpaka wa shamba hazizikani.

Alhamisi jumuiyani tutasoma Yohana 3:19-21, kisha pale Capulet anapomwambia binti yake akikataa kuolewa akaombe, afe njaa barabarani. Sehemu hiyo asipewe kijana. Isomwe na baba mwenye binti, kwa sauti, mpaka mwisho.