Mjukuu wa Nahodha

Babu yangu alikuwa nahodha wa jahazi kati ya Lamu na Mombasa, na nyota alizijua kuliko barabara za mji wake. Kwa hiyo nilipoanza chuo kikuu nchini Marekani mwaka 2015, nikiwa tayari raia kupitia kwa wazazi wangu, niliona ni jambo la kawaida kabisa kwenda ofisi ya wanamaji kuulizia ROTC, mpango wa mafunzo ya uofisa yanayokwenda sambamba na masomo ya shahada.

Kabla hata sijaketi vizuri, luteni aliniuliza nasomea nini. Nilipojibu historia, alinigeuzia karatasi yenye makundi matatu ya fani: la kwanza uhandisi, la pili hisabati, sayansi na kompyuta, la tatu fani zote zilizosalia, nami nikiwa humo pamoja na washairi na wanafalsafa. Alinieleza kwa upole kwamba sikukatazwa kuomba, ila sehemu kubwa ya ufadhili ilikwenda kwa makundi mawili ya juu, kwa kuwa manowari ni mitambo inayoelea na nyambizi zao zote huendeshwa kwa nguvu za nyuklia. Hata mwanahistoria akibahatika kuupata ufadhili huo, ilimlazimu afaulu mihula miwili ya kalkulasi kabla ya kumaliza mwaka wa pili, kisha fizikia kabla ya kumaliza wa tatu.

Kalkulasi! Somo hilo lilikuwa limekwisha kunishinda sekondari. Nakiri kwamba kwa dakika chache nilikuwa tayari kuiacha historia kwa ajili ya sare nyeupe; kilichonizuia hakikuwa msimamo, bali hofu ya kuwa mhandisi mwenye alama mbovu.

Ofisi ya jeshi la nchi kavu ilikuwa kwenye ghorofa hiyohiyo. Sajini wa huko hakuijali fani yangu, maadamu sikutaka kuwa ofisa muuguzi, kazi ambayo haiingiliki bila shahada yake. Aliulizia wastani wa alama zangu, ambao ungekuwa na uzito mkubwa siku ya kuwapanga makadeti kwa sifa, akaongeza kwamba somo la historia ya vita lilikuwa la lazima kwao wote. Nikajiandikisha.

Usiku nilimpigia baba simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akanyamaza kidogo.

“Na babu yako angekuwa hai, mwanangu,” akasema, “ningemwambiaje kwamba umechagua nchi kavu?”