Kengele ya Kengeleni, na jinsi kengele kongwe zinavyouawa

Ukivuka daraja la Nyali kutoka kisiwani Mombasa, makondakta wataita "Kengeleni!" na abiria watashuka. Wengi hupita bila kukitazama kimnara cha kengele kilicholipa eneo lile jina, na inasikitisha, maana majina machache ya steji pwani yetu yamebeba historia nzito kiasi hicho.

Mahali pale palikuwa kijiji cha mashamba, Freretown. Jina lilitokana na Sir Bartle Frere, mjumbe wa Uingereza aliyekwenda Unguja mwaka 1873 kumshinikiza Sultani Barghash aache biashara ya watumwa. Mkataba wa Juni mwaka huo ulifunga masoko ya watumwa na kupiga marufuku kuwasafirisha baharini. Manowari za Kiingereza zilipokamata majahazi, waliokombolewa walihitaji pa kuishi. Church Missionary Society, shirika la wamisionari wa Kianglikana, ikamtuma William Salter Price, ambaye alikuwa ameendesha makao ya Waafrika waliokombolewa huko Nasik, India. Alifika Mombasa Novemba 1874, na ardhi ikanunuliwa upande wa Kisauni. Nguzo ya kijiji ilikuwa "Waafrika wa Bombay": watu waliookolewa baharini wakiwa watoto, wakasomeshwa India, wakarudi pwani na elimu na ufundi. Ishmael Semler na William Jones, waliopewa ushemasi mwaka 1885, walikuwa wa kundi hilo.

Kengele ilihitajika kwa sababu mkataba ule haukuufuta utumwa wenyewe. Kwenye mwambao huu uliendelea kuwa halali kisheria hadi 1907. Watoro walikimbilia Freretown na Rabai, kituo kingine cha misheni, wenye watumwa wakaghadhibika, na mwaka 1880 walitishia kukivamia kijiji. Chombo cha wasaka watumwa kikionekana, kengele iligongwa na watu waliotawanyika mashambani wakajua. Siku za amani kengele ya misheni iliita kazini, shuleni na kwenye sala. Nidhamu ya pale nayo ilikuwa kali, hata viboko vya Freretown vikazua uchunguzi mwaka 1881. Anayeisimulia kengele ile kama sauti ya uhuru peke yake anaacha nusu ya habari.

Sauti hiyo hutoka kwenye madini yenye tabia ya ajabu. Kengele bora huyeyushwa kwa shaba nyekundu sehemu 78 na bati sehemu 22 hivi. Bati la wahunzi, si mabati ya kuezekea. Shaba peke yake ni laini na sauti yake hufa upesi. Bati jingi huifanya ngumu, ilie kwa muda mrefu, lakini huifanya pia ivunjike kama chungu. Kengele yenye mdomo wa upana wa mita 1 huwa na uzito wa kilo 600 hivi, na ya sentimita 70 hukaribia kilo 200. Mahali panapogongwa na ulimi ndipo pana unene mkubwa kuliko kote, takriban sehemu moja ya kumi na tatu ya upana wa mdomo.

Si kila kengele ya misheni ni ya shaba. Kuanzia miaka ya 1850 viwanda vya Bochum, Ujerumani, na Sheffield, Uingereza, viliuza kengele za feleji, yaani chuma kigumu, kwa bei nafuu zaidi. Weka sumaku: ikinasa, ni chuma, na adui yako mkubwa ni kutu. Isiponasa, endelea kusoma, kwa sababu kengele ya shaba haiuawi na uzee.

Muuaji wa kwanza ni kamba iliyofungwa kwenye ulimi. Kengele ikiwa haibembei, mpigaji huvuta ulimi hadi ugonge, halafu huushikilia pale kwa nusu sekunde bila kujua. Ukingo umeanza kutetemeka na chuma kimeukandamiza. Nguvu hukosa pa kwenda, na ufa huanzia hapohapo. Nimeweka jambo hili mbele kwa makusudi, kwani ndilo rahisi kuliko yote kurekebisha. Kengele ibembee kwenye boriti yake, au, kama imefungwa isitikisike, ipigwe kwa nyundo inayorudi nyuma yenyewe mara tu inapogusa.

Wa pili amejificha juu, ndani ya taji, yaani kichwa cha kengele. Kengele nyingi za zamani zina pete ya chuma ya kuning'inizia ulimi iliyozamishwa ndani ya shaba wakati wa kumimina. Chumvi ya bahari huingia, chuma kinashika kutu, kutu inavimba, na taji linapasuka kutoka ndani. Ukiona mchirizi wa rangi ya kutu ukishuka ndani ya kengele, mwite fundi wa kengele kabla ya kufanya lingine. Pete hiyo hutolewa kwa kukatwa na kutobolewa taratibu, na ulimi huning'inizwa kwa bolti inayopita katikati.

Wa tatu ni ulimi wa kubahatisha. Ule wa asili ukianguka, mtu hufunga kipande cha nondo au cha reli, na wavulana hugonga kwa jiwe. Ulimi unapaswa kuwa wa chuma laini kuliko shaba ya kengele, uishe wenyewe, usiile kengele. Hata ulimi mzuri hukwangua sehemu ileile miaka nenda rudi. Pima unene; kabla haujapungua kwa sehemu moja ya kumi, kengele igeuzwe robo mzunguko ili ulimi ugonge pasipochakaa.

Kujua kama imeshapasuka, igonge taratibu kwa nyundo ya mti. Nzima hulia mlio mmoja mrefu. Yenye ufa hukwaruza na kunyamaza haraka. Hapo acha kuipiga kabisa, na usimruhusu mchomeleaji wa mtaani aiguse. Moto wa sehemu moja huvimbisha shaba upande mmoja na kuurefusha ufa. Kazi hiyo hufanywa kwa kuipasha kengele nzima polepole tanuruni na kuipoza polepole vilevile.

Ukijani wa juu uache, unailinda. Usipige msasa, usipake rangi ya mafuta. Kinyesi cha njiwa na popo ndicho cha kuondoa, kwa maji na brashi laini. Boriti ikaguliwe mchwa, bolti zikazwe kila mwaka. Ukiwa huko juu, funika maandishi ya kengele kwa karatasi nyembamba, sugua kwa penseli hadi jina la kiwanda na mwaka vitokee, kisha nakala moja ikae ofisini mwa kanisa na nyingine nje ya kijiji, ili kengele ikiibwa na kupelekwa kwa wanunuzi wa vyuma chakavu kuwe na kitu cha kuwaonyesha polisi.